Ombi la Kusajiliwa Pamoja na Panga za Mke Wangu

Kwa Bwana Kageyama,
Mwenyekiti, Chama cha Wapenzi wa Panga za Kale,
Mtaa wa Wahunzi.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA PANGA MBILI

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limekubali tena kukunjwa. Mimi ni Urabe Shigekiyo, mume wa Bibi Fusae, yule mfupi anayewaletea chai kila mnapokuja kuzitazama panga za marehemu mkwe wangu. Huenda sinia unalikumbuka zaidi kuliko sura.

Nimesikia kwamba Jumapili ijayo kamati yako inakuja kuamua kama upanga mrefu na ule mfupi ni jozi halisi, iliyotengenezewa samurai mmoja, au ni panga mbili zilizokutanishwa tu na muuzaji. Naomba kwa heshima zote, mkishaamua, mwondoke nazo. Zipelekeni jumba la makumbusho, mzifungie ndani ya kioo, na ufunguo mkae nao nyinyi. Kwa miaka ishirini na saba ya ndoa nimeishi na waume wenza wawili, wote wa chuma, na sasa nimechoka.

Sababu zangu ni hizi:

1. Hewa. Chumba cha panga kina mashine ya kukausha hewa, inayofanya kazi mchana na usiku. Mwezi wa Nane, joto lilipokuwa la kuchemshia mayai, nilijaribu kujilaza humo. Mke wangu akasimama mlangoni. "Baba Chikage, toka. Unatoa jasho, utaziletea kutu." Nikamuuliza, "Na mimi nikipata kutu?" Akanitazama kuanzia utosini hadi miguuni, safari isiyo ndefu, akasema, "Wewe ulishachelewa."

2. Mavazi. Kila upanga una mfuko wake wa hariri. Mpini umevikwa ngozi ya samaki taa, kisha ukazungushiwa kamba ya hariri kwa ustadi wa kumsuka bibi harusi. Kile kisahani cha chuma kinachokinga mkono kina korongo wa dhahabu: kwenye upanga mrefu anaruka, kwenye mfupi ameshatua. Mimi nina vazi moja la kulalia, lenye kiraka kwapani, nililoshinda kwenye bahati nasibu ya sherehe za mtaa.

3. Heshima. Kabla ya kugusa upanga, mke wangu huinama mpaka paji la uso linakaribia mkeka. Mara ya mwisho kuniinamia mimi ilikuwa siku ya harusi, na hata hapo nashuku alikuwa anatafuta pini ya nywele.

4. Mafuta. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi anazifuta mafuta ya zamani, anazigongagonga kwa unga laini wa jiwe, kisha anazipaka mafuta mapya ya karafuu. Mgongo wangu uliposhikwa, nilimwomba tone moja tu la mafuta hayo. Nikapewa plasta, na maelezo ya kujibandikia.

Isitoshe, kazi yote hiyo anaifanya karatasi ikiwa imebanwa midomoni, ili pumzi wala mate yasiguse chuma. Kwa hiyo hatuongei. Mimi nakaa mbele yake, goti kwa goti, kazi yangu ikiwa ni kupokea ala tupu, upanga ukishachomolewa, na kuishika. Saa nzima, Ndugu Mwenyekiti, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe.

5. Kisu. Hapa naomba usome ukiwa umekaa. Ubavuni mwa ala ya upanga mfupi kuna kisu kidogo kilichochomekwa, chenye korongo wa tatu kwenye mpini wake. Jumatatu iliyopita nilikuwa peke yangu nyumbani, tunda la kaki limeiva, na kisu cha jikoni sikukiona. Nikamenya. Nusu tunda tu! Nikakifuta kwenye suruali, nikakirudisha. Kufikia Jumatano kilikuwa na doa jeusi lenye umbo la dole gumba langu.

Mke wangu alikinusa. "Baba Chikage, hii ni kaki."

"Huenda ni damu ya samurai wa zamani," nikasema.

"Samurai gani ana utamu?"

Tangu saa ile amebana karatasi midomoni. Anapika nayo. Anafagia nayo. Jana alipokea simu ya Chikage, binti yetu, akaitikia kwa kuguna. Anaamini kamati ikiliona doa lile itasema kisu kimeharibika, vifaa havijakamilika na jozi si jozi, na hapo kazi yote ya baba yake itakuwa imekufa kwa ajili ya nusu tunda. Ndiyo maana nasema: panga zikiondoka, karatasi nayo itaondoka, nami nitasemeshwa tena, hata kama ni kwa matusi.

6. Mtaa. Sisi wenyewe tunaitwa Jozi. Muuza samaki humwambia, "Mama mrefu, mfupi wako umemwacha wapi leo?" Tofauti ni sentimita kumi na moja tu, tena akivaa viatu.

Iwapo kuzichukua haiwezekani, basi naomba na mimi nisajiliwe kama mojawapo ya vifaa vya panga hizo, nipate hewa kavu na mafuta. Maelezo yangu: urefu, mita moja na sentimita hamsini na sita. Umri, miaka hamsini na minne. Sahihi ya fundi haipo. Mama yangu hakuwa na mazoea ya kutia sahihi. Kasoro: mgongo, na dole gumba moja linalotafutwa. Matumizi: kushika ala.

Nisalimie kamati yote, Bibi Kageyama, na mhazini aliyesahau mwavuli wake kwetu. Upo, umekaushwa vizuri.

Wako katika unyevunyevu,
Urabe Shigekiyo

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, mke wangu ameisoma barua hii akiwa nyuma yangu, juu ya kichwa changu, bila hata kujinyoosha. Kisha ametoa karatasi mdomoni. Kumbe alishakuandikia tangu Alhamisi, akiomba mzichukue panga, ili chumba kile nilale mimi na mgongo wangu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. "Nilikuwa bado nimekasirika."

Nikamwambia basi tubaki na ule mfupi angalau. Akasema zamani samurai akiingia nyumba ya watu, upanga mrefu aliuacha mlangoni, lakini mfupi ulibaki kiunoni mwake. "Mfupi hauachwi, Baba Chikage. Ninao tayari."

Sasa nimefikiria Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao: panga zikiwa hazipo, magoti yangu yatamwelekea nani? Tafadhali chana barua zote mbili. Mkija, njooni kwa chai tu, na mkiliona doa, kila mmoja wenu atapewa kaki nzima. Naandika haya karatasi ikiwa midomoni mwangu. Upanga mrefu uko wazi mbele yangu, na safari hii aliyeshika ala ni yeye.