Kiberenge na Mtungi wa Achari

Jumatatu, 5 Septemba 1994

Hapa mtaani Kuze wote wanakihadithia vibaya kile kiberenge cha Shimanzi. Ati kilibeba chumvi! Kilivuta mkonge, tena kwa kuni nilizochochea mimi, Tsuma, ujanani. Reli yake nyembamba, kishindo chake kama bwana harusi! Leo nasikia Jamaldin, yule wa vyuma chakavu, Ijumaa anakuja kukikatakata kwa gesi. Thubutu!

Jumanne, 6

Akili yangu hii, wallahi! Jamaldin roho yake iko kwenye shaba. Basi nimelifungua lile bamba la shaba ubavuni mwa kiberenge, masizi matupu, nikalitia ndani ya kanzu. Chuma kitupu atakitakia nini? Nimelificha jikoni. Mke wangu Kache akauliza mbona natembea kama mja mzito. Nikasema ni upepo tumboni. Akasema upepo wangu mimi siku zote hutokea kinywani.

Jumatano, 7

Amekuja Bi Beryl wa makumbusho. Kakizunguka, kakipapasa, kakipenda! Kamwambia Taib, mwenye bohari kilimo, watakichukua ikionekana nambari yake tu, wajue ndicho chenyewe. Nambari iko wapi? Kwenye bamba! Taib akasema isipopatikana kesho, kiberenge ni cha Jamaldin. Nikaanza kukohoa. Mbio nyumbani. Bamba hakuna! Na Kache kenda kulala kwa dadake Changamwe.

Alhamisi, 8

Kache karudi. Akauliza, lile libati lako? Kalitumia kugandamiza achari! Limezama kwenye ndimu, chumvi na pilipili tangu juzi. Nikatia mkono mtungini hadi kwapani. Salala! Masizi yametoka yote, nambari inameta kama jino la dhahabu. Achari imekuwa kijani.

Nikaruka nalo Shimanzi. Nikasema nimelisafisha kwa dawa ya siri ya mafundi wa zamani. Bi Beryl akasema lingebaki vile lilivyokuwa, nambari asingeisoma mtu. Jamaldin akalia machozi. Kimepona! Nikakaa chini palepale. Alhamdulillahi.

Ijumaa, 9

Kiberenge kimepanda lori, kimefunikwa turubai kama bibi harusi. Moyo mwepesi! Kache hanisemeshi.

Karibu na Ngome nimeona mzinga wa vita wa kale, una maandishi hayasomeki. Bi Beryl atafurahi huyo! Lakini unataka ndimu pipa zima. Kache asijue.

Na ile ya Jamaldin kulia, niliitia chumvi. Hakulia. Aliyelia ni mimi. Pilipili za ile achari.