Saa Kwenye Kifundo cha Mguu

Jumatatu, 6 Januari

Presha imepanda tena. Daktari kasema kukaa kitako kwenye cherehani kutwa kucha kutaniua. Nitembee. Nitembee saa ngapi? Shule zinakaribia kufunguliwa na sare zimerundikana hadi dirishani! Binti yangu, anayekaa upande wa pili wa mji huu huu, kaniletea saa ya mkononi. Eti inahesabu hatua zangu na kumpelekea kwenye simu yake. Kasema kliniki ijayo wakikuta hali ni ile ile, cherehani inauzwa, nami nahamia kwake, chumba cha nyuma, nikatazame televisheni mpaka macho yaive. Kasema huku analia. Nikalia naye. Kisha nikarudi kwenye kaptula. Hofu yangu mimi naishona.

Jumanne, 7 Januari

Nimetembea hadi bombani na kurudi. Kiuno hakina hamu. Kumbe kwenye hiyo saa tumewekwa orodha moja, mimi na mama mkwe wa binti yangu, yule ninayemwita Bi Raba kwa sababu ya viatu vyake vyeupe vya mazoezi. Yeye yuko juu kabisa. Mimi chini, kama soli. Kanipigia kuuliza, kwa upole, kama naumwa au saa nimeivua. Upole wa paka huo! Nimemjibu niko salama, ahsante mkwe wangu. Nikakata simu, nikakata na uzi kwa meno.

Jumatano, 8 Januari

Mungu hamtupi mja wake! Saa ilikuwa inanasa kwenye kitambaa, ikanikera, nikaifunga kwenye kifundo cha mguu. Nikaendelea kukanyaga pedali. Kuja kutazama, hatua zinapanda! Kumbe saa haijui kama mwenyewe amekaa. Kaptula moja, nimekwenda sokoni na kurudi. Sketi ya marinda, nimefika hospitali. Jioni binti kapiga, sauti tamu kama enzi zile ananiletea daftari niweke tiki kwenye nisichokielewa. Mama, umeweza! Roho ikanisuta. Nikaipa sketi nyingine, ikanyamaza.

Ijumaa, 10 Januari

Nimempita Bi Raba! Simu ikaniuliza kama nataka taji la dhahabu kando ya jina langu. Nikabonyeza Kubali. Sikulelewa kumkatalia anayeuliza kwa adabu. Saa sita mchana salio halipo. Nikaongeza. Likapotea nalo. Fundi simu wa pale kona kacheka hadi kashika meza. Mama, umejiunga mwenyewe, hilo taji linakula kila siku, tena halishibi! Nikamwambia anitoe. Kasema akinitoa, taji linavuliwa sasa hivi na kila mtu kwenye orodha ataona. Nikafikiria uso wa Bi Raba. Nikamwambia basi, aliache kidogo.

Jumamosi, 11 Januari

Balaa. Bi Raba yuko kitandani. Alipoona taji langu alitoka kunifukuzia, akazunguka mtaa wao hadi goti likavimba kama boga. Nimekwenda kumpa pole. Kwa pikipiki. Goti limefungwa bandeji, na bado ananiuliza leo nimefikisha ngapi. Kasema mwenzangu, miguu hiyo umeitoa wapi, na sisi tumezeeka pamoja? Nikasema ni kudura tu. Ukweli ulinifika kooni. Nikaumeza na chai yake. Njia nzima ya kurudi nilijisikia mwizi, ila mwizi aliyechoka sana, mwenye kola za watoto zinazomsubiri.

Jumapili, 12 Januari

Nimefumaniwa. Binti kaingia bila hata hodi, anahema. Simu yake ilimwonyesha mama yake anatembea bila kupumzika tangu asubuhi. Akadhani nimechanganyikiwa, au nimepotea njia. Kanikuta nimeketi, pini mdomoni, saa mguuni. Hakupiga kelele. Bora angepiga. Kakaa juu ya rundo la sare, kasema kazini kwao alikuwa anawaonyesha wenzake namba zangu, kila siku, kwa majivuno. Nikachomoa pini mdomoni, moja moja. Kasema, Mama, mimi sitaki kukuhamisha, nataka usife tu. Kisha kaichukua saa. Kuanzia kesho nitembee kweli, kila asubuhi hadi kituo cha mafuta, nimtumie picha nikiwa pale pale. Siku moja ikikosekana, cherehani inaondoka siku hiyo hiyo. Nikaapa. Tena niliapa kwa moyo mmoja kabisa.

Jumatatu, 13 Januari

Nimetembea! Hadi kituo cha mafuta, kwa miguu yangu mwenyewe, pumzi juu juu, jua kali la asubuhi. Nimebeba mfuko wa nguo. Nimebadilishia chooni, gauni baada ya gauni, nikitoka nje dada wa pampu ananipiga picha, narudi ndani navaa jingine. Kaniuliza kama naolewa au natoroka. Nimemwambia nina kazi nyingi. Picha zimetosha hadi Jumamosi. Nimemtumia binti ya leo, kajibu kwa mioyo myekundu mitupu. Mungu amjalie heri aliyebuni kamera.

Jumatano, 15 Januari

Mvua tangu alfajiri. Chini ya mabati hatusikilizani, barabara imekuwa mto, hakuna anayetia mguu nje. Siku njema ya kushona! Nimemtumia binti picha ya leo, ile ya gauni la njano. Nimetoka vizuri: jua limenipiga usoni, nimekunja macho, natabasamu.

Kaisoma. Hajajibu. Maskini mwanangu, atakuwa njiani kwenda kazini kwenye maji yote haya. Natumaini kabeba mwavuli.