Ombi la Pedi Kumi na Mbili za Kung'arishia Lori la Unga

Kwa Shemeji Mheshimiwa, Mwenye Kinu, Mwenye Lori na Mume wa Dada Yangu,

Baada ya salamu na heshima unazostahili, naomba kuwasilisha malalamiko yangu kwa maandishi, kwa kuwa tukizungumza ana kwa ana huwa unaniambia nifupishe.

Utakumbuka kwamba Jumatatu, mbele ya kinu, ulilitazama lori ambalo nimelibebea unga wako kwa miaka kumi na mmoja, ukatamka: "Ijumaa likiwa bado na rangi ya jivu, nauza." Kisha ukanikabidhi pedi mbili za sponji na kopo moja la dawa ya kung'arisha, ukasema bajeti imeishia hapo. Sikubisha. Niliazima drili ya seremala, nikaifunga pedi kwenye ncha yake, nikaanza na mlango wa dereva. Yaliyonipata ni haya yafuatayo:

1. Pedi ya kwanza ilikata roho kabla ya saa sita mchana. Hata hivyo, chini ya jivu lile ilijitokeza rangi ya buluu. Mtu mwenye haraka angeridhika. Mimi nilitambua kwamba hilo ni tabaka la mpito.

2. Pedi ya pili ilichanika, kikabaki kile kisahani kigumu cha kuishikilia. Kwa kuwa hukunipa ya tatu, niliendelea na kisahani. Shemeji, hapo ndipo kazi ilipokolea. Buluu iliondoka yote, ukatokea mng'ao wa fedha ambao nadhani kiwanda kiliuficha kwa makusudi. Seremala alipofuata drili yake aliutazama mlango, akaikumbatia drili na kuondoka mbio. Nilizihesabu mbio hizo kuwa pongezi.

3. Wapagazi hawapakii tena gunia bila kwanza kupanga foleni kujitazama mlangoni. Mmoja amegundua ana mvi, na tangu hapo hana moyo wa kazi.

4. Mlinzi wa lango aliandika kitabuni kwamba nimeingia na lori la fedha. Nilipotoka, yeye akiwa palepale kitini pake, aliuona upande wa pili, akagoma kuliruhusu litoke lori la jivu ambalo halikuingia. Nilimweleza kwa utaratibu. Akaniuliza, "Sasa kaka, lile zuri umeliacha wapi?" Ilibidi nitoke kinyumenyume.

5. Kwa sababu hizo, naomba pedi kumi na mbili ili lori zima lifikie hadhi ya mlango. Aidha, kwa kuwa naifahamu hali ya mfuko wako, na kwa kuwa pedi zilifanya kazi vizuri zaidi baada ya kwisha, niko radhi kupokea zilizokwisha tayari.

Kuliuza sasa ni kumpa mtu wa nje mng'ao ambao familia yenyewe haijaufaidi. Nami, Shemeji, sijui kuendesha kitu kingine, wala sina hamu ya kujifunza.

Nisalimie watoto, mama yangu ambaye kwako ni mkwe, wapangaji wako wote, na yeyote aliyekushauri kuhusu pedi mbili.

Mimi mtiifu wako,
Shemeji yako, Dereva wa Lori la Unga

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, dada alikuja kuomba nimfikishe sokoni. Akaupangusa mlango wa abiria kwa kitambaa kilicholowa maji, asije akachafua gauni. Ikatokea buluu safi. "Huu ni unga, mdogo wangu," akasema, "na huo wako ni bati." Tumeliosha lote kwa ndoo nne. Sasa linang'aa buluu kama siku ulipolinunua, isipokuwa mlango nilioung'arisha. Naomba ombi la zile pedi lifutwe, nipatiwe badala yake kopo dogo la rangi ya buluu, na Ijumaa ukija kukagua, tafadhali usimame upande wa abiria.