Bei ya Vyura Wangu

Jumanne, 5 Machi

Nimeuza kinamasi! Yaani, bado kidogo tu. Bwana Magodoro, yule muuza magodoro wa duka la kona, amekubali kuchukua kiwanja chote cha nyuma ya nyumba: matope, matete, vyura na mbu wake. Atakifukia kwa kifusi ajenge ghala. Tumepeana mikono. Jumamosi analeta malipo ya kwanza.

Pesa hizo ni za jiko. Nilimwahidi mama watoto jiko la matofali, lenye bomba la moshi na dirisha, tangu akiwa na mimba ya kifungua mimba wetu. Kifungua mimba sasa ananyoa ndevu. Mpaka leo mwenzangu anapikia kwenye kibanda cha mabati, jicho moja kalifumba, huku akikohoa. Mwezi uliopita daktari alimwambia waziwazi kwamba vidonge havitasaidia kitu, aondoke kwenye moshi.

Atakayejenga ni shemeji, kaka yake mama watoto, fundi mwashi. Alinitazama kama anavyotazama ukuta uliopinda. Akanishauri nizipokee hela upesi, kabla mvua hazijaanza na mnunuzi hajakiona kinamasi kimefika mlangoni. Wivu tu huo.

Jumatano, 6 Machi

Mkuu wetu wa stoo kazini kaumwa jino. Nikatumwa mimi semina badala yake. Nilifuata posho na chai, sioni sababu ya kuidanganya shajara yangu mwenyewe. Mada: thamani ya kiuchumi ya huduma tunazopewa na mazingira. Nikakaa nyuma kabisa na kufumba macho ili nisikilize vizuri.

Nilipoyafumbua, ukutani palikuwa na picha ya kinamasi. Pacha wa changu! Mtaalamu, binti mwembamba kutoka ofisi ya serikali ya mazingira, mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu, alikuwa akieleza kwamba kinamasi kinameza mafuriko, kinachuja maji machafu, kinalisha ndege, na vyura wake wanakula mbu. Na kwamba kazi zote hizo zinaweza kukadiriwa kwa fedha. Jiulize tu, alisema, ingekugharimu kiasi gani kuzifanya mwenyewe.

Jasho likanitoka. Kumbe nauza kiwanda kwa bei ya dimbwi!

Nikainua mkono. Je, mtu akitaka kuuza? Akajibu kwamba wengi huuza kwa bei ya udongo tu na kuzisahau huduma zote hizo. Nikayachukua maneno yake kama maagizo.

Kipindi cha mchana kilihusu sheria. Posho ilishatolewa, sikuona haja ya kubaki.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeomba ruhusa kazini. Tumbo. Asubuhi nzima nimekuwa kinamasini na gambuti za mwanangu, zinazonibana.

Vyura kwanza. Nyumba zote zinazotuzunguka zingenunua dawa ya mbu kiasi gani kama vyura wangu wangegoma? Nyingi! Halafu maji. Ya dobi jirani yetu yanaingia upande wa juu yakiwa na povu, yanatoka upande wa chini unaweza kujitazama sura. Mtu wa kuyachuja kwa mikono angedai mshahara, na chakula cha mchana. Ndege wanaimba tangu alfajiri: hiyo nimeilinganisha na bei ya redio, pamoja na betri. Kuhusu mafuriko nilimuuliza shemeji angetoza kiasi gani kuchimba mtaro wa mtaa mzima. Alitaja bei akiwa kajishika kiuno. Nikaizidisha mara mbili, maana kinamasi hakiachi kazi katikati kikaenda harusini.

Jumla: mara tatu ya bei tuliyokubaliana! Na hapo sijatia chumvi. Chumvi nitatia mbele ya mnunuzi.

Nilimweleza mama watoto pale pale kibandani, nikiwa mlangoni kwa sababu ndani hapakaliki. Alisikiliza huku akipuliza moto. Akauliza kama kati ya watumishi wangu wote hao yupo hata mmoja anayeweza kupasua kuni. Kisha akasema, "Baba watoto, mpe mtu kiwanja chake, nami nipate jiko langu." Nikamwambia avute subira, badala ya jiko moja atapata jiko na stoo. Akakohoa. Sikukichukulia kikohozi hicho kama jibu.

Jumamosi, 9 Machi

Bwana Magodoro alikuja kwa wakati, bahasha mfukoni. Mtu mstaarabu sana, anaongea polepole kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Nilimketisha, nikamsomea huduma moja baada ya nyingine. Hakunikatiza hata mara moja.

Nilipomaliza aliuliza, kwa upole, kwa nini alipie vyura ambao yeye mwenyewe atawafukia. Nikamjibu kwamba ndiyo sababu hasa: analipia hasara. Akauliza hasara ya nani. Nikasema ya mtaa. Akauliza, sasa kama hasara ni ya mtaa, kwa nini fedha ziingie mfukoni mwangu.

Nikaita chai.

Mwishowe alisema yeye si mbishi, ila hesabu za vyura hajawahi kuziona. Nimletee mtu wa serikali anayezijua, azithibitishe mbele yake. Kama ni kweli atafikiria. Atarudi Jumatano saa nne.

Mama watoto alikuwa ameshika sinia mlangoni wakati bahasha inarudi mfukoni. Aliifuata kwa macho mpaka ikazama. Miaka yote ya ndoa yetu nimejifunza kuogopa akinyamaza kuliko akigomba.

Jumapili, 10 Machi

Nimelala naangalia ukuta. Mama watoto naye anaangalia wake.

Shemeji alifika na futi kamba. Akapima mahali pa jiko, akaandika kwa penseli kwenye kiganja, akaondoka bila kuniuliza lolote. Getini nilimsikia akiwaambia watoto kwamba baba yao anasubiri vyura wafungue akaunti benki. Watoto wangu mwenyewe wakaangua kicheko.

Atakuja kunipigia magoti huyu. Kesho namfuata yule mtaalamu wa semina.

Jumatatu, 11 Machi

Nimempata! Ofisi yake ni chumba kidogo kilichojaa chupa za maji machafu, kila moja imebandikwa jina kama dawa. Nilimweleza habari za kinamasi changu. Macho yake yaling'aa. Haijawahi kutokea mtu akayatolea macho ya namna hiyo mali yangu yoyote, hata mahari nilipoipeleka.

Akauliza kama hakikauki hata kiangazi. Nikasema hakikauki. Akauliza kama maji yana ubaridi chini. Nikasema miguu inakufa ganzi. Akasimama, akakaa, akasimama tena. Atakuja Jumatano saa nne. Mimi ndiye niliyechagua saa. Wote wawili, mtaalamu na mnunuzi, kwa wakati mmoja! Kuna watu wamepewa vyeo vikubwa na hawana mipango kama hii.

Jumanne, 12 Machi

Nimewaza: ndege zaidi, thamani zaidi. Nimeazima bata wa mke wa dobi. Ukiwaona kwa mbali, kwenye matete, nani atajua kwamba si wa porini?

Bata walinusa maji, wakanitazama, wakageuka. Wakaandamana mstari mmoja mpaka kibandani kwa mama watoto, wakakaa kwenye majivu. Nimewarudisha majini mara kadhaa. Mmoja ameniuma. Mke wa dobi amekuja kuwachukua, akaniambia bata wake hawajazoea maji ya baridi hivyo.

Mama watoto alicheka. Alijaribu kujificha kwenye kanga lakini nilimwona. Nimefurahi kuliko nilivyotarajia, kwa mtu aliyeumwa na bata.

Jumatano, 13 Machi

Niandike haraka.

Mtaalamu alikuja na wasaidizi wawili, nyavu na kofia kubwa. Bwana Magodoro alikuja na bahasha na viatu vyeupe. Shemeji naye alikuja, bila kualikwa, akaegemea ukuta.

Mtaalamu aliingia kinamasini mpaka kiunoni. Akazamisha mkono, akapiga kelele ya furaha. Chini kuna chemchemi! Maji yale yanabubujika kutoka ardhini, ndiyo maana hayakauki. Kwenye matete akakuta kiota cha ndege mmoja mwenye miguu mirefu, ana mayai. Akamshika chura, akamsemesha kama mjukuu. Akatoka akiwa matope mpaka kwenye nyusi na kutangaza mbele ya watu wote kwamba hesabu zangu zimekosea. Thamani ya mahali hapa inazidi mbali niliyoiandika.

Nilimgeukia Bwana Magodoro nikamuuliza kama amesikia.

Amesikia. Akamwuliza mtaalamu, kwa ile sauti yake ya chumba cha kulala, kama mtu anaruhusiwa kujenga hapo.

"Hapa?" mtaalamu akasema. "Kwenye chemchemi? Kuanzia leo hapajengwi hata banda la kuku."

Nilimwuliza, sasa hiyo thamani yote analipa nani. Alinishika bega kwa mkono wake wa matope.

"Thamani ipo, mzee wangu. Bei ndiyo haipo. Nilieleza yote haya kipindi cha mchana. Hukuwepo?"

Nikasema nilikaa nyuma.

Bwana Magodoro alimpa kila mtu mkono, akamtakia ndege uzazi mwema, akaondoka na bahasha yake. Shemeji alimletea mtaalamu ndoo ya kunawia. Nilitamani anicheke.

Alhamisi, 14 Machi

Nilijiandaa kwa dhoruba. Haikuja. Mama watoto aliamka, akainjika maharage, akaanza kukohoa kama kawaida.

Nikaingia kibandani, nikamwambia akae nje, leo napuliza mimi. Akashangaa lakini akatoka. Macho yaliwasha, kamasi zikanitoka, kifua kikabana kama nimefungwa kamba. Maharage hayajachemka hata mara moja nikawa nimeshatoka nje natapatapa. Na mimi ndiye niliyekadiria bei ya vyura juzi, moshi huu nikausahau! Nikaona aibu, nikamwambia.

Alinifutia uso kwa upindo wa kanga. Akasema, "Mimi fedha za magodoro sikuzitaka. Nilitaka dirisha."

Kisha akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia. Ninaposafiri kikazi, sauti ya wale vyura ndiyo inayompa usingizi. Siku tulipopeana mikono na Bwana Magodoro alienda nyuma ya nyumba akalia kidogo. Hakunieleza kwa sababu jiko nalo alilitaka.

Nimerudi kupuliza moto.

Jumamosi, 16 Machi

Shemeji ameshusha matofali. Yamebaki kwenye kazi nyingine, kasema, na bomba la moshi kalikuta limetupwa. Bomba jipya linang'aa! Nimejifanya sikuona. Akanitangazia kwamba hanijengei mimi, anamjengea dada yake, na kwamba mimi ndiye kibarua.

Nimebeba matofali kutwa. Nimekoroga udongo. Ameniambia mara nyingi nimeweka maji mengi, na mara moja, kwa sauti ndogo, kwamba sasa umekaa sawa.

Alipouliza dirisha likae upande gani, barabarani au nyuma, mama watoto alijibu kabla hajamaliza swali. Upande wa vyura.

Jumapili, 24 Machi

Jiko limekwisha, bado mlango tu. Leo mama watoto amepika mara ya kwanza. Nilisimama nje nikasikiliza. Nilisikia mwiko, sufuria, na yeye akiimba wimbo ambao sijausikia tangu watoto wakiwa wadogo. Kikohozi sikukisikia. Nimesikiliza mpaka ukoko ukapakuliwa. Machozi yakanilengalenga, na safari hii moshi hauhusiki.

Mtaalamu amesimamisha kibao chenye picha ya chura. Chini yake ameandika kwamba mlinzi ni mimi. Hakuna mshahara, lakini herufi ni kubwa.

Baada ya kula shemeji aliketi dirishani na kikombe chake. Yule ndege mwenye miguu mirefu alikuwa anawafundisha vifaranga kutembea kwenye matete. Upepo wa baridi ulivuma kutoka majini. Mama watoto akaegemea bega langu. Shemeji akasema hajapata kupumzika hivi tangu alipoanza kushika mwiko wa ujenzi. Alikaa pale mpaka jua likazama, uso umelainika, anatabasamu peke yake.

Nimefurahi sana kumwona hivyo. Nimefurahi, kisha nikaanza kufikiri. Mandhari: hiyo ni huduma. Upepo wa baridi: huduma. Kupumzika, kwa maneno yake mwenyewe, mbele ya shahidi: huduma kubwa. Vyote vimetoka kwenye kinamasi changu, na mlinzi ni mimi, imeandikwa kwenye kibao. Bure! Na nyumba yake iko ng'ambo ya pili tu, upepo huo huo unaingia kwake usiku kucha na dada yake hajawahi kumdai senti.

Nimeanza kupiga hesabu. Sitamwambia leo. Nangoja kwanza atundike mlango.