Mishale ya Njano ya Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Meneja katangaza! Ijumaa atateua msimamizi wa jengo zima la kuegesha magari, ghorofa tano. Ni mimi, mlinzi wa ghorofa ya tatu, au Mama Tiketi wa getini. Kiti cha msimamizi kina magurudumu. Mchana kutwa nimekaa kwenye kibao changu, mwanga ukiingia taratibu kati ya nguzo, nikajiona nazunguka nacho na kutoa amri. Mke wangu kaziita ndoto za Alinacha. Atanyamaza Ijumaa. Nisipokipata cheo hiki sijui nitamtazama vipi.

Jumanne, 4 Machi

Mzee mmoja kapoteza gari lake. Kateremka kwa miguu kwenye njia ya magari, nusura agongwe. Halafu wazo likanijia kama usingizi. Mishale! Nguzo zote za kijivu, nani asiyepotea? Nitapaka mishale ya njano sakafuni, ya kuonyesha njia ya kutokea. Mama Tiketi kasema haraka haraka haina baraka, tuichore kwanza kwenye karatasi. Wivu mtupu.

Jumatano, 5 Machi

Nimepaka! Nilianzia kwenye njia ya kupanda juu, nikaenda kinyumenyume hadi njia ya kushuka, nisije nikakanyaga rangi mbichi. Akili hiyo! Kila mshale nimeuelekeza mbele ya macho yangu, umenyooka sawasawa. Jioni ikawa inang'aa yenyewe. Nilikaa nayo mpaka zamu ikaisha.

Ijumaa, 7 Machi

Rangi imekauka, kamba niliyoizungushia nikaiondoa. Kufikia saa nne magari thelathini yako juu ya paa. Waliotaka kushuka wamepanda! Nikapanda kuwafuata. Honi zikalia, kisha zikachoka. Mawingu yalikuwa karibu mno. Mwalimu mmoja kavua viatu, muuguzi kalala juu ya boneti anatazama ndege. Uzuri ulioje! Nilisahau kabisa kuwa nina kazi.

Meneja naye alikuwamo, garini mwake. Kaniuliza njia ya kutokea iko wapi. Nikamwelekeza kwenye mishale ya ghorofani kwangu. Kaniuliza tena, polepole. Mama Tiketi kaja na filimbi: waendao kwa miguu ukutani, magari katikati, moja moja. Wote wakatoka salama. Cheo akapewa yeye, na kiti. Nililia kidogo nyuma ya nguzo.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu hakunicheka. Kanishika mkono, kasema kufanya kosa si kosa, kosa kurudia kosa. Maneno mazito. Msimamizi mpya kanipa kopo na brashi: nifute mishale yote, nipake upya. Nimetafakari kutwa, na kosa langu nimeliona. Mama Tiketi alisema kweli: ilikuwa haraka. Kesho nitaanzia palepale kwenye njia ya kupanda, niende kinyumenyume vilevile, ila taratibu sana.