Ombi la Kutopandishwa Tena Mparachichi wa Kanisa

Msasani, Tukuyu.

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Krismasi,

Bwana asifiwe. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kulia na heshima yangu, ambavyo viliumia Jumamosi nikitundika taa za sikukuu kwenye mparachichi wa kanisa. Kila Desemba kamati inakaa, inaomba hekima, halafu inanipandisha mimi. Mnasema ni mwepesi. Wepesi huo niliuacha nilipooa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ngazi ya kanisa haifiki tawi la kwanza. Kuanzia hapo mtu hupanda kwa imani, na matawi ya mparachichi hayajali imani ya mtu, hukatika tu.

2. Mvua ya Desemba mnaijua. Iliniingia kwenye kola ikatokea kwenye soksi.

3. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Nikiwa juu kabisa, alikuja Tulia, mke wa mwanangu Erasto, kupamba madhabahu. Ndugu Mwenyekiti, wewe ni Mnyakyusa mwenzangu, sina la kukufundisha. Mkamwana haonani na baba mkwe wala hasemi naye, sembuse huyo baba mkwe kuning'inia juu ya kichwa chake, suruali imekwama kwenye tawi. Nilikohoa ili aondoke. Alijifunika kanga, akajificha nyuma ya kona ya kanisa. Hapo nilimshukuru Mungu mapema mno, kwa sababu hakuondoka. Alibaki pale akitoa mkono tu, kidole kikielekea juu, kisha chini, kisha juu tena. Nami nisingeweza kushuka yeye angali pale. Nimelea watoto watano na sijawahi kudharauliwa na mkono.

4. Alipokata tamaa akaenda zake, nilishuka kuwasha taa. Mwisho wa waya haukuwa na plagi. Kasim wa dukani ametuuzia taa zisizo na plagi, naye anaapa kwamba aliziwasha mbele yangu. Ni kweli aliziwasha, lakini hilo lilikuwa dukani.

Naomba basi kamati itafute njia rahisi. Ya kwanza, taa zipandishwe kutoka chini kwa ule mti mrefu wenye kulabu tunaochumia maparachichi. Kama hilo ni jepesi mno kwa kamati, mparachichi ukatwe, ulazwe chini, tuuvalishe taa tukiwa tumesimama kama watu wenye akili, kisha vijana wausimamishe tena. Vijana wakishindwa, Krismasi ihamishiwe Agosti, mvua ikiwa imepungua. Sidhani kama Bwana atakasirika, maana hata hii tarehe ya sasa hakutuandikia yeye.

Kwa upande wa watu, Kasim asinunuliwe hata kiberiti, na Tulia ahamishiwe kwaya ya Suma mpaka mkono wake ujifunze adabu. Ninajua anaipenda kwaya yetu kuliko chakula. Ndiyo maana nimeichagua adhabu hiyo.

Nisalimie wazee wa kanisa, akina mama wa Jumatano, na wote walioahidi kuja kunishikia ngazi.

Ndimi niliyebaki mtini,
Ezron Mwaisumo

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, mke wangu Agness ameniletea ujumbe wa Tulia, maana mkamwana hunifikishia neno kupitia kwake. Anasema plagi ipo. Ipo kileleni. Nilipanda nikiwa nimeshika ncha yenye plagi, nikaifunga kwa uangalifu mkubwa kwenye tawi la juu kuliko yote, na ule mkono ulikuwa unanisihi nigeuze waya. Mtoto wa watu alilowa pale kwenye kona kwa sababu mila haikumruhusu kuniita, na moyo haukumruhusu kuniacha. Nimeona aibu, na safari hii si ya suruali. Kwa hiyo Kasim aendelee kuuza, mti usiguswe, Krismasi ibaki ilipo, na Tulia asiende Suma wala kokote. Kesho nitapanda mwenyewe kuishusha plagi. Naomba tu kamati imwombe Tulia asimame palepale kwenye kona anyooshe mkono. Mimi siruhusiwi kumwomba, na Agness amekataa kubeba ujumbe mwingine.