Maziwa Mabichi na Jiko la Arusi

Jumatatu, 4 Mei 2026
Asubuhi mawingu, joto la kufukiza, hakuna tone la mvua. Hani, binti wa kaka yangu Abdinasir, anaolewa Jumamosi. Nani atasimamia jiko? Mimi au wifi yangu Kaaha? Alhamisi Abdinasir ataonja maziwa yetu ya ngamia, kisha aamue. Kaaha huchemsha yake. Ladha yote ya moshi wa kufukizia kibuyu inapotea! Yangu yamefika kutoka Bura, mabichi. Nimejaribu vikombe vitatu. Jiko ni langu.

Jumanne, 5 Mei
Joto tangu alfajiri. Chooni mara sita kabla ya adhuhuri. Msokoto mkali kuzunguka kitovu. Dalili njema! Maziwa ya ngamia hufagia tumbo, kila mtu Garissa anajua. Nikaongeza vikombe viwili yamalize kazi. Kaaha alipita, akaniuliza: abaayo, dada yangu, choo umekikodi? Nikamwambia naosha vigae.

Jumatano, 6 Mei
Upepo wa vumbi. Homa. Kutapika. Kiu isiyokatika. Nikameza vidonge vitatu vya maumivu, tumbo tupu. Ikawa mbaya zaidi! Nikaenda hospitali. Daktari Warfa akanibonyeza tumbo, akasema utumbo mwembamba umevimba: vijidudu vya maziwa mabichi au chakula kichafu ndivyo huuchoma, na vidonge vile vimeuchokoza. Akauliza nilikunywa nini. Chai ya Kaaha, nikasema. Akanipa chumvi ya kuchanganya na maji, akaniamuru nipumzike. Nipumzike? Kesho ni Alhamisi!

Alhamisi, 7 Mei
Jua kali. Nimefika kwa Abdinasir nikishika ukuta. Kaaha akasema: abaayo, mwenye maziwa hunywa kwanza, wallahi ndiyo heshima. Nikanywa kikombe kizima bila kupepesa. Nikakimbilia chooni. Nilifika mlangoni tu. Abdinasir akaweka kikombe chake chini, hakuonja. Jiko kwa Kaaha. Mimi kwa dripu.

Ijumaa, 8 Mei
Mawingu mepesi dirishani mwa wodi. Kaaha ameniletea uji, akatangaza mara mbili kwamba maji ameyachemsha. Nimemaliza bakuli. Kitanda cha pili yuko mama mmoja wa Mandera, Khadra. Mwanawe anaoa baada ya Hajj, na jiko halina msimamizi! Nimejitolea papo hapo. Akauliza kama maziwa nitachemsha. Nikamwambia hata kidogo, nayanywa mabichi tangu utoto, sijawahi kuugua. Akaitazama dripu yangu. Nikamwambia ni malaria.

Nalala sasa, saa tatu na robo usiku.